Dakika Arobaini za Kukaa Kitako

Fundi umeme wa magari tunayemzungumzia hapa hajui kukaa. Chakula anakula kasimama. Simu anaongea huku anazunguka uani, na mkewe anaapa kwamba hata usingizini miguu ya huyu mtu iko safarini. Gereji walimpa jina la Cheche siku yake ya pili kazini, naye akalipokea kama sifa, na mpaka leo mteja akiuliza fundi anaitwa nani anajibiwa hilohilo. Ana miaka arobaini na tisa. Kazi hii ameishika tangu ana ishirini, na tusimnyime haki yake, anaijua. Gari likishindikana kwingine huletwa kwake. Kasoro yake ni moja tu: anataka gari limjibu kabla hajamaliza kuliuliza.

Mama yao alifariki Cheche akiwa na miaka saba, na aliyemlea ni dada yake mkubwa. Dada alipoolewa alihamia kwa mumewe na masanduku mawili na mdogo wake mmoja, na mumewe aliyapokea yote matatu bila kuuliza. Huyo mume, ambaye Cheche amemwita Shemeji maisha yake yote, alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kwenye kibanda cha ishara kando ya njia panda: kuvuta wenzo, kufungua njia, kuifunga treni ikishapita, kuandika saa kwenye daftari. Basi. Alifanya hivyo miaka thelathini na moja, na hakuna siku treni mbili zilikutana usoni kwa sababu yake. Cheche alipomaliza kujifunza ufundi, Shemeji ndiye aliyemnunulia mita yake ya kwanza. Ndani ya boksi alitia kikaratasi chenye maneno mawili, "Pima kwanza." Mita hiyo bado ipo. Kikaratasi kilipotea wiki ileile.

Shemeji alipostaafu alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alinunua gari chakavu la kubebea mizigo, akalikalia uani miaka miwili na misumeno na mbao, akalitoa likiwa gari-nyumba: kitanda nyuma, mabenchi mawili na meza katikati, jiko dogo la gesi, sinki, friji ya kimo cha goti, paneli ya jua juu ya paa, na chini ya benchi la kushoto betri kubwa ya kuendeshea hivyo vyote. Watu walimcheka. Yeye akasema amewaruhusu wengine kwenda miaka thelathini na moja akiwa amesimama mahali pamoja, sasa na yeye anataka kuona walikokuwa wanakwenda. Kila mwezi akawa anampakia mkewe garini, sindano zake za sukari ndani ya ile friji, wanapotea siku nne au tano. Dada, ambaye alianza kwa kununa, akawa ndiye wa kwanza kufunga begi.

Kazi yote ya umeme ndani ya gari hilo aliifanya Cheche. Hilo mlishike.

Miezi mitano iliyopita betri ikaanza kufa. Walikuwa wamepanga kuondoka alfajiri, wakakuta taa haziwaki, pampu ya maji kimya, friji ya vuguvugu. Dawa za Dada haziwezi kusafiri hivyo. Safari ikaahirishwa, Cheche akaitwa, akaja mbio kama kawaida yake. Akafungua milango yote, madirisha, makabati, kifuniko cha benchi, akaichaji betri, akapima, hakukuta kinachovuta umeme. Lakini kwenye kabati la nguo aliona taa ndogo inawaka. Akamwambia Shemeji kwa utani kwamba taa hii ndiyo mchawi. Shemeji akasema ile taa aliizima. Cheche akacheka, akaondoka. Kama aliiwasha yeye mwenyewe wakati anapekua humo kabatini, hakujiuliza.

Mwezi uliofuata, tena. Cheche akasema betri imechoka, akaleta mpya. Mwezi wa tatu mpya nayo ikafa. Akachomoa fyuzi moja baada ya nyingine, akazirudisha, akapima huku mguu wake mmoja tayari uko nje ya gari kwa sababu kuna teksi ilikuwa inamsubiri gereji. Mita ikaonyesha hakuna kitu. Swichi kuu ikizimwa, gari linalala vizuri tu. Mwezi wa nne hali ikawa hiyohiyo, na ndipo alipoufungua mdomo.

Ilikuwa jikoni kwa Dada. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi, na Dada akamuuliza, sasa tatizo ni nini hasa. Fundi hapendi swali hilo akiwa hana jibu. Hapo angesema sijui, akabaki mtu mwema. Akasema gari halina ubovu. Akasema kuna mtu anaacha vitu vimewashwa, na mtu huyo anayefunga gari mwisho kila siku wote wanamjua. Kisha, kwa sababu Dada alimkazia macho, akamalizia, "Ni umri, Dada. Si kosa lake."

Akanywa chai yake, akaenda zake. Maneno yakabaki.

Sijui kama mmewahi kuona neno moja linavyoweza kuhama chumba hadi chumba. Dada akaanza kumtazama mumewe. Akamsikia akiuliza siku ya wiki, jambo ambalo amekuwa akiuliza tangu ndoa ni changa, safari hii likamkaa moyoni. Akampigia binti yao, ambaye ni muuguzi mji mwingine, na binti akasema kwa sauti ya kazini kwamba mambo haya huanza hivyohivyo: taa, halafu jiko, halafu njia ya kurudi nyumbani. Akashauri funguo za gari ziwekwe mbali. Dada akaona bora gari lenyewe liondoke kabla halijatokea baya barabarani. Akapatikana mnunuzi. Angekuja Jumamosi saa kumi alasiri.

Shemeji aliambiwa Alhamisi. Hakugomba. Alisema sawa, akaenda kulitazama gari. Jumamosi asubuhi akampigia Cheche mwenyewe, jambo ambalo halifanyi ila kwa sikukuu na misiba, akamwomba aje na ile mita ya zamani.

Cheche alifika saa nane kasoro, simu mkononi, jasho usoni. Gari la kiwanda cha mikate lilikuwa limekwama na dereva wake alishapiga mara tatu. Kichwani alikuwa amepanga kila kitu: atapima dakika tano, atamshika mzee bega, atasema pole, ataondoka. Alikuta gari-nyumba ndani ya banda lake nyuma ya nyumba. Banda hilo Shemeji alilijenga mwenyewe ili jua lisilichubue gari rangi: nguzo sita, paa la mabati, na mabati pande tatu. Mle ndani kulikuwa na joto la tanuri. Cheche, kwa mazoea, akanyoosha mkono kufungua dirisha.

"Acha," Shemeji akasema.

Cheche akaacha. Shemeji alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Kila ukija unapima gari lililofunguliwa," akasema. "Mimi silali nalo likiwa wazi. Nataka ulipime kama ninavyoliacha. Milango imefungwa, madirisha yamefungwa, kila kitu kimezimwa. Halafu tukae."

"Tukae muda gani, shemeji?"

"Dakika arobaini."

Cheche akacheka, akaona anacheka peke yake. Shemeji akamweleza. Treni ya mizigo, akasema, ilikuwa inachukua dakika arobaini kutoka kituo cha juu mpaka kwake. Kengele ikigonga ya kwamba imetoka, sheria ya kibanda ilikuwa hutoki, hushiki kitu kingine, huachi wenzo mpaka behewa la mwisho limepita mbele ya macho yako. Vijana waliona upuuzi, maana dakika thelathini za mwanzo huwa hakuna cha kuona. Lakini ajali zote alizowahi kuzisikia, akasema, zilitokea kwa watu waliochungulia, wakaona njia nyeupe, wakaondoka.

Kisha akasema lile lililomfanya amwite. "Zikipita dakika arobaini mita isione kitu, funguo nitampa dada yako mwenyewe, na huyo mtu akija nitamwonyesha gari bila kinyongo. Lakini niwe nimepimwa."

Fundi mzima akatii. Akaingia chini ya benchi, akaunganisha mita kwenye njia ya betri, akavuta nyaya zake nje akarudisha kifuniko. Shemeji akazima taa moja moja, akizitaja kwa sauti: ya kitandani, ya jikoni, ya kabati. Pampu. Redio. Friji ilikuwa tupu na imezimwa. Swichi kuu. Akafunga mlango, akaketi benchi la kulia, akafungua saa yake ya mkononi akailaza mezani. Cheche akaketi benchi la kushoto, juu ya betri, mita kapakata mapajani. Mita ikasoma sifuri, nukta, sifuri, mbili. Hapo ndipo siku zote alipokuwa anaondokea.

"Unaona," alianza kusema.

"Bado thelathini na tisa," Shemeji akasema.

Huko ndiko alikokwama fundi wetu, na msimcheke sana. Kuna watu hupewa kifungo cha miezi sita wakakibeba vizuri kuliko alivyozibeba dakika kumi za kwanza. Mguu wa kulia ulianza kutikisika wenyewe. Akaukanyaga kwa wa kushoto, wa kushoto nao ukaanza. Simu ikatetemeka mfukoni: mikate. Akaitoa, Shemeji akaitazama, Cheche akairudisha. Jasho lilimtoka shingoni likateremka mgongoni. Akahesabu misumari ya dari. Akaona mahali waya wa taa umefungwa vibaya, akataka kuinuka aukaze, akakumbuka kwamba ameukaza yeye. Kila alichotazama mle ndani kilikuwa na mkono wake, na kila mkono wake ulikuwa na haraka: skrubu tatu palipotakiwa nne, tepu palipotakiwa kifuniko. Siku zote alikuwa akiingia humu kwa mbio, hakuwahi kuketi akakitazama alichokifanya.

Dakika ya kumi na tano mita ilisoma vilevile. Nje Dada alipita na ndoo, akasimama, wakaona kivuli chake kwenye pazia, akaondoka. Cheche aliona aibu ya ajabu, kana kwamba wao ni watoto wawili waliofungiwa.

Ili mikono ipate cha kushika, alivuta daftari lililokuwa ukingoni mwa meza. Lilikuwa la mistari, jalada gumu, la aina wanayotumia maofisini. Shemeji hakumzuia. Ndani, kwa mwandiko ulionyooka, kulikuwa na kila siku gari lilipofungwa: tarehe, saa, taa zimezimwa, pampu imezimwa, swichi kuu imezimwa, na pembeni sahihi fupi. Ukurasa baada ya ukurasa, mwaka mzima. Palipokuwa na betri kufa, mstari ulikuwa mwekundu, na nafasi ya sababu ilikuwa tupu. Mistari myekundu ilikuwa mitano: minne aliyoijua, na wa tano wa juzijuzi.

Cheche angelifunga hapo, lakini macho yake yaliteleza mpaka wiki za karibuni. Baada ya mstari mwekundu wa nne, ule wa siku ya jikoni, daftari lilibadilika. Siku moja sasa ilikuwa na mistari mitatu. Saa tatu asubuhi: taa zimezimwa, swichi kuu imezimwa. Saa tano: taa zimezimwa, swichi kuu imezimwa. Saa saba: vilevile. Siku iliyofuata mistari minne. Juzi ilikuwa saba, na ule wa mwisho mwandiko umelala.

"Ulikuwa unarudi kuangalia," Cheche akasema.

"Narudi."

"Na unakuta umezima?"

"Kila mara nakuta nimezima." Shemeji alikuwa anatazama saa yake, si yeye. "Halafu nikifika mlango wa nyumba sina hakika kama nimekuta, au nakumbuka ya jana. Sikuwa hivyo. Nilianza kuwa hivyo mlipoanza kunitazama."

Cheche akaliweka daftari mezani likiwa wazi. Alitamani kutoka, akimbie mpaka kwenye gari la mikate, achafue mikono, watu wamwite fundi. Ilimjia kwamba huyu ndiye aliyemfundisha kusoma saa, kwenye kile kibanda, miguu yake ikining'inia kwenye stuli, na kwamba katika miaka yote ile hakumwona hata siku moja akiacha kitu nusu. Alilijua hilo. Alilijua hata siku ile jikoni, kikombe mkononi. Alilisema lile neno kwa sababu teksi ilikuwa inasubiri.

Dakika ya ishirini na nane. Mle ndani hewa ilikuwa nzito, mbao zimeanza kunuka gundi. Mabati juu ya banda yalikuwa yanalia taratibu kwa jua. Cheche aliinamisha kichwa kujifuta jasho kwa bega, na aliporudisha macho mapajani, mita ilikuwa inasoma nne, nukta, moja.

Alidhani ameigusa. Akaachia mikono hewani. Nne, nukta, moja. Ampea nne, kila kitu kimezimwa, swichi kuu imezimwa. Kwa mvuto huo betri ile haimalizi siku tatu. Kisha akasikia, nyuma ya friji, mvumo mdogo wa kitu kinachozunguka.

Na hapo, bila kufungua kifuniko wala kushika bisibisi, akajua.

Mwaka uliopita, wakati wa joto kali, Dada alilalamika kwamba friji haipoi na anaogopea sindano zake. Cheche alipita jioni moja akielekea kwingine. Alikuwa na feni aliyoing'oa kwenye gari bovu, na swichi ndogo inayojiwasha yenyewe joto likipanda na kujizima likishuka. Akaifunga ile feni nyuma ya friji itoe hewa ya moto, na kwa kuwa hakuwa na fyuzi ya ziada wala muda wa kupitisha waya mpaka kwenye swichi kuu, aliuvuta moja kwa moja kwenye betri, akauzungushia tepu. Ni kwa leo tu, alisema moyoni, kesho nitakuja kuumalizia. Kesho hiyo mnaijua. Wakati huo gari lilikuwa likilala uani juani, na kila feni ilichokula paneli ilikirudisha, hivyo hakuna aliyeona tofauti. Kisha, karibu na mwezi ule betri ilipoanza kufa, Shemeji akajenga banda. Paneli ikakosa jua, mabati yakaongeza joto, na feni ikawa inazunguka kutwa nzima ndani ya gari lililofungwa, bila mtu wa kuisikia. Fundi akija, kitu cha kwanza anafungua milango na madirisha. Hewa inaingia, joto linashuka, feni inajizima, mita inasoma sifuri. Miezi mitano alikuwa anaufukuza ubovu kwa mikono yake mwenyewe, halafu anasema haupo.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo palipokuwa na kazi. Shemeji hakusikia kitu. Sikio lake la kushoto, lililoelekea friji, lilimalizwa na honi za treni zamani. Uso wa mita ulikuwa umemwelekea Cheche peke yake. Ilikuwa rahisi mno. Angesubiri dakika zile kumi na mbili ziishe, akajidai kuingia nyuma ya friji, akakata waya, akatoka na kipande cha tepu akisema kulikuwa na waya uliolegea. Waya umelegea: maneno hayo yameokoa mafundi wengi kuliko dua za mama zao. Mzee angepona, gari lingebaki, na hakuna ambaye angejua. Wazo hilo lilimjia likiwa limekamilika, hata sauti atakayotumia aliisikia. Mkono wake ulikuwa umeshaifunika mita.

Akatazama tena daftari. Mistari saba kwa siku moja.

Miguu yake, akaja kugundua, ilikuwa imetulia.

"Shemeji," akasema, "inavuta."

Shemeji akainua uso. "Nini?"

"Feni."

"Feni gani?"

"Yangu," Cheche akasema. Akaigeuza mita juu ya meza imtazame mwenyewe.

Shemeji aliisoma. Akasoma saa yake. Akachukua kalamu akaandika, dakika ya ishirini na nane, nne nukta moja. Kisha akauliza mambo ya feni hiyo, moja moja, kama anavyouliza mtu wa reli baada ya tukio: ilifungwa lini, na nani, waya unapita wapi, kwa nini haizimwi na swichi kuu. Cheche akajibu yote. Alipofika kwenye kwa nini, alisema alikuwa na haraka. Shemeji akasema wamalize zile dakika kumi na mbili, na wakazimaliza, feni ikivuma, wote wawili wamelowa, mmoja akiwa anaisikia na mwingine anaitazama kwenye mita.

Dakika ya arobaini Shemeji alifungua mlango mwenyewe. Cheche akamwita Dada.

Alikuja akijifuta mikono, uso wake umeshajiandaa kwa msiba. Cheche alimkalisha kwenye benchi, akamwonyesha nyuma ya friji: feni, waya mwekundu, tepu yake mwenyewe iliyoanza kubanduka. Alimweleza habari ya joto, ya banda, ya madirisha. Dada alisikiliza nusu, akawa anatikisa kichwa kama anavyofanya mtu anayetaka kuambiwa kwa kifupi. Basi Cheche akamwambia kwa kifupi.

"Yale niliyokwambia jikoni, Dada, yafute. Aliyesahau ni mimi."

Nyinyi mngetegemea Dada afurahi. Alikaa mikono mapajani, na alipoinua macho hakumtazama mdogo wake, alimtazama mumewe.

"Nimekuficha kiberiti," akasema. "Wiki tatu sasa. Nilikuwa naogopa jiko."

"Najua," Shemeji akasema. "Kiko kwenye kopo la chumvi."

Dada akalia. Hakulia kwa kelele, alilia kama mtu aliyechoka, na Cheche, ambaye yuko radhi kushika waya wenye moto kuliko kumwona dada yake analia, alibaki palepale mlangoni asijue aingie au atoke. Hasira zake zilimgeukia mwenyewe zikakosa pa kushika. Hakuna aliyemgombeza, na hilo ndilo lililomuuma. Kama Dada angemchapa kofi kama alivyofanya siku alipovunja dirisha la jirani, angeondoka mwepesi.

Baadaye Dada alijipangusa, akaenda nyumbani akampigia yule mnunuzi kumwambia asije. Tulisikia, namaanisha wao walisikia, sauti yake ikisema hapana mara tatu, ya tatu kwa ukali. Kisha akampigia binti. Simu hiyo ilikuwa ndefu zaidi. Aliporudi alikuwa na kiberiti. Akakiweka mezani mbele ya mumewe, karibu na ile saa.

Shemeji akavuta daftari. Akatafuta mstari mwekundu wa kwanza, wenye nafasi tupu ya sababu, akamsogezea Cheche kalamu. Cheche akaandika: feni ya fundi. Akafunua wa pili, akaandika. Wa tatu, wa nne, wa tano. Mwandiko wake ni mbaya, lakini safari hii aliandika polepole, na chini ya kila mmoja akatia sahihi. Simu ilitetemeka tena mfukoni, gari la mikate, akaiacha itetemeke mpaka ikachoka.

Waya aliukata. Feni aliing'oa akaiweka nje kwenye udongo, akasema atarudi Jumatatu na fyuzi na swichi ya kweli. Dada akasema Jumatatu ni kesho kutwa, na kwamba yeye atakuwa amekaa hapohapo anamwangalia. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo mtu kutabasamu.

Kisha Shemeji akasema atachemsha chai, humuhumu ndani. Alichukua kiberiti, akawasha gesi, akatia maji, akasimama mbele ya jiko mgongo umenyooka na lile shati lake la pasi limelowa lote. Dada alikaa. Cheche naye alikaa, mikono mezani. Maji yakachemka, Shemeji akatia majani, akangoja rangi, akazima gesi, akamimina vikombe vitatu, akaja kuketi.

Alipuliza chai yake mara moja. Akaweka kikombe chini, akainuka, akaenda kushika kitufe cha jiko, akakipapasa. Akarudi. Wakaongea kidogo habari za safari, Dada akataja mji wa kandokando ya ziwa ambao hawajaufika. Shemeji akawa anaitikia, lakini macho yalikuwa yamekwenda jikoni. Akaweka mikono kwenye ukingo wa meza, tayari kuinuka tena, akaona wanamwona, akasita.

"Nimezima?" akauliza.

Dada akafungua mdomo, akaufunga. Swali lilikuwa limeelekezwa kwa Cheche.

"Umezima, shemeji," Cheche akasema. "Nimekuona."

Shemeji akaitikia kwa kichwa, akanywa. Hazikupita dakika tano akauliza tena, na Cheche, ambaye chai yake ilikuwa imeshaisha na mchana wote ulikuwa unamwita nje, akajibu tena vilevile, akakaa.